Nilidhani Data ni Uchafu

Skola mwanangu,

Salamu siandiki. Nakusikia chumba cha pili unakunja nguo na kugombana na zipu ya begi, nikitaka kujua hali yako nitakohoa tu na wewe utauliza, baba vipi. Mambo ya safari mama yako ameshakwambia tangu juzi, maji ya kunywa, kukaa upande usio na jua, kutosinzia na mkoba mapajani. Mimi hapo sina la kuongeza.

Najua utashangaa baba yako kuandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza kwa sababu nilimpiga mwalimu wa hesabu naye akanipiga zaidi. Lakini herufi zangu zinasomeka, na wapo hapa Kibaoni waliofika la saba ambao mstari wao unapanda na kushuka kama njia ya nyoka. Barua hii nimeianza Jumatatu kule kwenye mashine ya kukobolea, wateja wakidhani naandika magunia yao. Leo Ijumaa, saa nane mchana, ndiyo naimalizia. Siku tano kwa karatasi hizi. Kwa siku tano mimi zamani nilikuwa naangusha shamba zima la miwa.

Ndani yake kuna jambo la Yusto na mkono wake. Usiruke mistari kulitafuta. Nalifikia, lakini nikianzia mwisho kalamu itasimama.

Mimi ni mtu wa kupiga. Hilo huhitaji kuambiwa, umekua ukilisikia kupitia ukuta. Nilipokuwa kijana kule kwenye miwa tulikuwa watu wa kila mkoa na kila dini, na heshima ilikuwa moja, panga na ngumi. Nilikata mistari miwili wakati mwanaume mzima anakata mmoja. Mnyapara aliniita mvivu mbele ya watu, nikamvunja meno mawili, na baada ya wiki wakanipa mimi kusimamia wenzangu. Kwenye pantoni, daraja likiwa bado halijajengwa, watu watatu walitaka kupitisha baiskeli zao mbele ya mama yako, naye ana mimba yako, tumbo limeshakuwa hivi. Wawili niliwalaza pale pale kwenye mbao. Wa tatu nilimtupa mtoni. Aliogelea.

Hapo nimefuta mstari mmoja, ulikuwa wa kujisifu.

Sasa kosa lenyewe ni kwamba kupiga kulinisaidia. Watu husema kupiga hakusaidii, wanasema uongo, kungekuwa hakusaidii kabisa ningeacha mapema. Ile mashine yetu, unaijua, asubuhi za baridi inagoma. Alikuja fundi na vitabu vyake, akafungua, akafunga, ikagoma. Nikachukua nyundo nikaipiga mara mbili chini ya pampu ya dizeli, ikawaka. Mpaka leo ni hivyo. Redio yangu ya zamani nayo, kofi moja ubavuni na taarifa ya habari inarudi. Mtu akishaona hivyo miaka arobaini, nani atamwambia kuna kitu duniani kisichosikia kipigo?

Halafu mkaniletea hivi vitu vya kioo.

Ile simu ya kwanza uliyonipa kila asubuhi ilikuwa na jambo lake. Mara inasasisha, usiizime, na mimi nina mteja Kiberege ananisubiri nimpigie. Mara nafasi imejaa, wakati mimi sijaweka kitu, kajaza nani? Mara nenosiri si sahihi. Nikaweka jipya, ikaniambia huwezi kutumia lile la zamani. Kumbe la zamani inalijua, na ndilo nililokuwa naliandika, na bado ilikataa kunifungulia! Mara nithibitishe kwamba mimi si roboti, nichague picha zenye taa za kuongozea magari. Mtu wa Ifakara taa hizo kaziona wapi? Siku ilipoandika hitilafu imetokea, jaribu tena baadaye, nilijaribu baadaye. Nikajaribu kesho yake. Siku ya tatu niliipigiza kwenye nguzo ya banda mpaka vioo vikaniingia kiganjani.

Mama yako akacheka. Nikamzaba kofi.

Hilo uliliona. Ulikuwa mlangoni umeshika ungo wa mchele, ukauweka chini taratibu, ukaondoka. Ningependa ungesema kitu. Mwaka mzima sikumwomba radhi mama yako, nilimnunulia kitenge nikadhani ndiyo radhi. Alikishona pazia la jikoni. Kila moshi ukikipiga namwona anakitazama na kuridhika.

Basi, kishikwambi chako.

Mjomba wako alipokuletea, ukaanza kukizungusha vijijini kwa ajili ya utafiti wa chuo, Kiberege, Malinyi, kwa wale bibi wanaotunza mbegu za zamani za mpunga. Ulikuwa unarudi na vumbi mpaka kwenye kope na kunisikilizisha. Bibi mmoja anaeleza Shingo ya Mwali inavyoinama ikiiva, mwingine anasema Kula na Bwana ukiipika jirani wa tatu anajua. Nilijifanya sisikii. Mbegu zile zote nilizijua kabla yao, lakini nilikuwa nasikiliza, Skola. Sauti zao zilikuwa nzuri humo ndani.

Ukakiweka kwa Kiswahili ili na mimi nisikilize kwaya. Ukanifundisha namba za siri, ukaniandikia kwenye kipande cha boksi. Yote hayo ulifanya kwa upendo. Na mimi nilikizimia mtandao. Kilikuwa kinakula bando kinapeleka vitu vyako huko mnakoita kwenye wingu. Nilikuuliza, wingu la nani? Ukacheka ukaenda kuoga. Nikazima, sikukwambia. Kwa hiyo kazi yako ya miaka miwili ikabaki sehemu moja tu, ndani ya kile kioo. Hilo ni la kwanza nililokufanyia.

Kioo kikapasuka, ukampelekea Yusto pale kibandani anapotengeneza simu. Huyo kijana alikuwa ananiamkia akiwa bado ng'ambo ya barabara. Ulidhani sijui. Mama yako alishaninong'oneza kwamba washenga wake wangekuja baada ya mavuno, na moyoni nilishamkubali. Nilitaka tu kumzungusha kidogo kwanza, kama babu yako alivyonizungusha mimi.

Akabadilisha kioo, akakirudisha Alhamisi. Wewe ulikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Kikakaa kwenye meza karibu na mashine, na siku hiyo tulikoboa mfululizo, jioni kimefunikwa pumba na vumbi hata huoni rangi. Nikachukua kitambaa nikisafishe ndipo nisikilize nyimbo zangu. Nasugua nacho kiko wazi, kila nikisugua kinaruka kutoka ukurasa huu kwenda ule, vinafunguka vitu ambavyo sijawahi kuviona. Mwishowe kikatulia. Nikavaa miwani, nikasoma herufi kwa herufi, na maneno yale nayakumbuka kama Baba Yetu. Futa data yote. Chini yake, kifaa kitarudi kama kilivyotoka kiwandani.

Skola, simama pale niliposimama. Nina kitambaa mkononi. Kitu kimejaa vumbi. Chenyewe kinaniomba nikifute, tena kinaahidi kwamba nikikifuta kitakuwa kama kilivyotoka kiwandani. Bando nalijua, data sikuijua. Nilidhani data ni uchafu, ule unaojipenyeza kwenye mianya, uchafu wa siku hizi wenye jina lake. Najua kufuta kesi, najua kufuta ubao, mimi si mjinga. Lakini mtu mwenye kitambaa mkononi ukimwambia futa, atafikiria mahakama? Na nikajiambia, leo angalau moja ya mashine hizi imesema na mimi kwa adabu.

Ikauliza, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Ikataka namba za siri, nikaziweka zote bila kutazama boksi, na nilijiona mtu wa maana. Kioo kikawa cheusi. Nikaendelea kufuta mpaka kikang'aa, nikakiweka kabatini juu ya kitabu cha nyimbo.

Asubuhi ulipokiwasha kikakwambia, Karibu, chagua lugha. Sijawahi kumsikia mtu akililia neno karibu namna ile. Uliniuliza nani amekishika. Nikasema hakuna. Na hapo, mwanangu, sikuwa nadanganya, kwangu kupangusa vumbi hakukuwa kushika kitu cha mtu. Ukasema basi ni Yusto, ndiye aliyekuwa nacho. Hukuniambia nimpige. Niliamua mwenyewe, na nilifurahi kupata wa kumpiga, kwa sababu kilio chako kilikuwa kimenikaa kifuani sina pa kukitua.

Nilichukua ule mkanda wa mashine uliokatika, mpira mzito, urefu wa mkono. Spana ilikuwa tayari mfukoni, mimi hutembea nayo. Yusto akaniamkia. Badala ya kuitikia marahaba nilimchapa shingoni, akaangukia kwenye kabati lake la vioo, likavunjika. Nikamchapa mgongoni. Nikamchapa usoni, nyusi ikapasuka, damu ikamziba jicho. Hakunirudishia. Angeweza, ana mabega. Nilimwambia ameiua kazi ya mwanangu, naye alijikinga tu huku anasema.

"Mzee, kama kazi imepotea, kimefutwa kikiwa kimeshatoka kwangu. Muda utakuwa umejiandika humo. Nani alikifuta?"

"Nilikifuta mimi."

Akawageukia watu, maana walishajaa. "Mmesikia? Amesema mwenyewe."

"Nimekifuta kwa kitambaa safi," nikamwambia. "Wewe ulinirudishia kimejaa mafuta ya vidole."

Watu wakaangua kicheko. Bodaboda mmoja akasema, mzee wetu kakipiga deki. Ndizi zikadondoka kutoka kwenye beseni la mama mmoja kwa kucheka. Nilijua wananicheka, sikujua wanacheka nini, na mimi kuchekwa nisikokuelewa ni kitu kimoja tu sijawahi kukiweza tangu nizaliwe. Yusto mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, umezifunika simu za watu ili nisizivunje. Nikaupiga kwa spana. Mara tatu. Ya kwanza ilitosha. Haikutoa sauti kubwa, ni kama bua la muwa mkavu chini ya kiatu, na mimi nimekata miwa miaka kumi na saba, sauti hiyo naijua.

Hapo watu waliacha kucheka.

Ulifika ukikimbia bila viatu. Yusto alikuwa amekaa chini, amepakata mkono wake kama mtoto mchanga, akakwambia, "Skola, muulize baba yako."

Ukamwambia, "Umeniulia kazi yangu, sasa unamsingizia mzee asiyejua zaidi ya kufungua kwaya."

Ulinitetea mbele ya Kibaoni nzima. Tangu nizaliwe sikuwahi kujiona mrefu kama siku ile. Nilirudi nyumbani nimekushika bega, mkanda begani kwa upande wa pili, na damu ya mtu kwenye shati.

Mengine unayajua. Yusto hakutaka polisi, mambo yakaishia ofisi ya mtaa. Mkono ulipona umekunjamana, vidole vitatu havijikunji, na fundi simu asiye na vidole ni nani? Akafunga kibanda akarudi kwao Malinyi. Washenga hawakuja. Wewe ukarudia mwaka, ukaanza upya kuzunguka vijijini, na wawili kati ya wale bibi ulikuta wameshazikwa. Ulirudi siku ile ukakaa jikoni bila kula. Mimi nikasema kwa sauti, mbona yule mshenzi nilimwachia mkono mmoja. Nilidhani nakufariji.

Sasa nikwambie nilivyojua.

Masika yaliyopita nilikwenda kwenye ofisi moja hapa mjini kuchukua mbolea ya ruzuku. Dirishani alikuwa binti wa rika lako. Akaniambia niweke kidole. Nikaweka. Hakisomeki. Akasema nikilambe, nikipanguse kwenye shati, nibonyeze tena. Nikaweka vidole vyote kumi, foleni nyuma yangu inaguna. Panga, jembe na koleo la mashine vimeshakula mistari yote, vidole vyangu ni laini kama kijiko. Mikono hii imelima bonde hili watu wakala, ndiyo inayoambiwa haina mtu. Akasema mfumo umegoma, nisubiri. Nikasubiri. Mgomo naujua, niliwahi kugoma kwenye miwa, mgomaji huwa na madai yake. Nikamwuliza, huo mfumo unadai nini? Akatabasamu kidogo. Kisha akabonyeza kitu, akatazama, akasema, "Mzee, wewe umefutwa."

Nikadhani ananitukana. Alikuwa amevaa kitambulisho shingoni kwa ile kamba yao. Nilipitisha mkono dirishani nikaishika, nikaivuta mpaka kifua chake kikagonga meza.

"Nimefutwa na nani? Mimi nina vumbi?"

Alikuwa hawezi kujibu, kamba imembana. Aliyejibu ni mzee wa Kisukuma nyuma yangu kwenye foleni, aliweka mkono wake juu ya wangu, polepole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Akasema, "Mwachie mtoto. Kufutwa huko siyo kwa kitambaa. Ni kupotezwa. Ukibonyeza futa, data zimekwenda, hazirudi."

"Data ni nini?"

"Data ni wewe. Jina lako, shamba lako, kila ulichokiweka humo."

Nikaachia. Binti alikohoa, akajishika shingo, kuna mstari mwekundu umejichora pale. Kisha, Skola, akaokota kitambulisho chake, akaniuliza kama naumwa, maana nilikuwa nimekaa chini sakafuni. Siumwi, nilimwambia. Nilikuwa natazama mikono yangu na kusikia Yusto anauliza nani alikifuta, na mimi najibu kwa kifua mbele, nilikifuta mimi. Nilikiri. Watu wote pale walielewa nimekiri, na nikamvunja mkono yeye aliyenielewa.

Wewe peke yako hukuwepo wakati najibu. Ulifika mwisho, na baada ya ile spana nani angethubutu kukwambia?

Tangu masika nimekaa nalo. Usidhani sikupata nafasi, nafasi zilikuwa kila siku, unaniletea chai, unanifungia kifungo cha mkono. Nilijiambia kazi yako umeshairudia, cheti umepata, Yusto amepona, kufukua kuna faida gani. Huo ulikuwa woga. Mimi niliyemtupa mtu mtoni niliogopa chai ya binti yangu isije ikapoa mkononi mwake kabla haijanifikia.

Mwezi uliopita nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba wewe mwanaume hutaki tena, kwamba kama mtu aliweza kukutazama machoni akiwa anatoka damu na bado akadanganya, basi wote ndivyo walivyo. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta. Kesho yake nilikwambia nakwenda kutazama mpunga, nikapanda gari la Malinyi.

Nilimkuta ana kibanda kidogo, anachajisha simu za watu kwa sola. Anaandika majina kwenye ubao kwa mkono wa kushoto, kwa chaki, herufi kubwa kama za mtoto. Aliniona, hakuniamkia. Nilisimama nasubiri shikamoo yangu kama nilivyozoea, nikasubiri mpaka jua likanichoma kisogo. Haikuja. Basi nikamwamkia mimi. Mzee mzima na mvi zangu nikamwambia kijana yule, shikamoo. Watu wawili waliokuja kuchukua simu wakatazama pembeni kwa aibu.

"Usinifanyie hivyo, mzee," akasema. Hakuitikia. Alivuta kiti akakiweka karibu yangu, yeye akabaki amesimama.

Nikamweleza yote, kitambaa, vumbi, kiwandani, nikamwomba radhi. Nilitarajia acheke, ningeshukuru kama angecheka. Hakucheka. Aliuliza tu kama Skola anajua. Nikasema hajui.

"Sasa umekuja kwangu kufanya nini? Mimi nilikuwa najua tangu siku ile."

Nikamwambia nitakueleza wewe, Skola, nikifika nyumbani. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mdomo wako naujua, ukifika katikati utajigeuza shujaa. Andika. Kwa mkono wako."

Nikamwuliza kama ana neno nikuletee. Akasema hana, lake alishalisema akiwa amekaa chini. Hakunisamehe, na sikumwomba mara ya pili. Aliendelea kuandika ubaoni. Nilipanda gari la jioni.

Ndiyo maana ya siku hizi tano. Kila mara kalamu ilipotaka kunigeuza shujaa nimeirudisha, na palipobaki umepaona. Mama yako nilimwambia juzi. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, ungeanza na mtoto, kisha akaenda kulala chumba cha wageni, na bado yupo huko.

Kwa hiyo isomeke wazi, hata kama hukuwahi kuniuliza tena. Ni mimi. Kilichofuta kazi yako ni mkono wangu, mtandao uliokuwa uiokoe niliuzima mimi, na Yusto hakukudanganya hata neno moja. Ulimkataa kwa ajili yangu. Sikustahili.

Jumatatu unaanza kazi huko Mbeya, na wewe utakaa upande ule wa dirisha, kusajili wakulima kwenye mfumo. Nimeliwaza hilo kuliko jambo lolote. Atakuja mzee. Atakuwa na vidole kama kijiko, na ameshaambiwa arudi kesho na kesho kutwa. Sikwambii umwonee huruma, yule binti wa hapa alinionea na kamba ilimkata vilevile. Nakwambia kiti chako kikae mbali na meza kuliko urefu wa mkono wa mwanaume. Ile kamba ya kitambulisho usivae shingoni, ibane kifuani kwa pini. Na ukimwambia amefutwa, mwambie hapohapo amefutwa nini, na kama kinarudi au hakirudi. Wengi tunaopiga huwa tumeshaulizwa tuna uhakika na tukajibu ndiyo bila kujua tumeulizwa nini. Lakini ukimweleza na bado akainua mkono, usimsubiri aelewe. Ita watu. Mimi nilieleweshwa kwa gharama ya shingo ya mtoto wa mwenzangu, na gharama hiyo sitaki ilipwe na yako.

Ningeweza kuisukumiza barua hii chini ya nguo zako uisome umeshapita Mikumi, mbali na mimi. Nililifikiria, na nilishafika mpaka kwenye begi. Nimerudi. Nitaipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, kungali mchana, ili unione ukitaka kuniona.

Gari la Malinyi linatoka kesho alfajiri stendi ileile na saa ileile kama la kwako. Kazi inaanza Jumatatu na kesho ni Jumamosi. Sikwambii upande lipi, nimeshakuamulia mengi.

Mimi nipo bandani. Mashine nimeizima na wateja nimewarudisha na mpunga wao, wamenuna. Usiponiita nitaelewa. Ukija, sema kwa sauti yako yote, hata kama ni tusi. Sina kitu mkononi, na mlango nimeuacha wazi.

Baba yako,
Gaudensi